Shukrani Haikatwi

Kabla ya kusoma, alizima feni. Hilo ndilo la kwanza linalonijia nikimkumbuka, ingawa kilichomfanya ajulikane kuanzia Kibiti mjini hadi visiwa vya mwisho vya delta ni sauti yake. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja chenye vipande vya godoro ukutani vya kuzuia mwangwi, na kwa joto la huku, feni ikizimwa dakika tano tu shati linakuganda mgongoni. Sisi vijana tulinung'unika kila siku. Yeye alivua viatu mlangoni, akafuta kipaza sauti kwa leso yake kwa sababu hakuyaamini mate ya watu, akazima feni, akaketi. "Marehemu hasomwi kwa kelele," alisema, na hakuna aliyethubutu kuiwasha tena mpaka ainuke.

Tulimwita Mzee wa Matangazo, nami hapa nitamwita hivyo hivyo. Kazi yake redioni ilikuwa kusoma matangazo ya vifo saa moja asubuhi, na baada ya hayo, shukrani. Kwa asiyetujua nieleze kidogo. Huku kwetu msiba ukishapita, familia huandika karatasi ya kuwashukuru waliowasaidia, mmoja mmoja, kwa jina lake na alichotoa: aliyeleta sanda, waliochimba kaburi, aliyetoa boti ya kuvusha jeneza, walioazima masufuria. Karatasi huletwa redioni, ikasomwa, na dunia nzima ikasikia nani alikuwepo. Wala si misiba tu. Kisima kikichimbwa au madrasa ikipata mikeka, shukrani huja. Zilikuja kwenye karatasi za daftari, nyuma ya kalenda, hata kwenye kipande cha boksi la sabuni.

Sheria yake ilikuwa kwamba shukrani haikatwi. Tangazo la kifo alikubali kulifupisha. Marehemu mwenye watoto kumi na wanne alimsomea kuwa "ameacha watoto", basi. Lakini shukrani aliisoma nzima hata ikila nusu saa. Nakumbuka moja iliyotoka Dimani, ambayo mwandishi wake alimtaja kila aliyeazima chombo, na kama sufuria ilikuja na mfuniko, mfuniko nao ulitajwa. Mimi nilisimama mlangoni na taarifa ya habari mkononi, saa ya ukutani imeshapita muda wangu, nikimwonyesha ishara kwa vidole. Hakuniangalia. Akasoma mpaka mfuniko wa mwisho, akanywa maji, ndipo akaniachia kiti.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa bahili wa kutupwa; kalamu yake aliifunga uzi shingoni asije mtu akaiazima. Alipenda sifa. Tukipita naye stendi, akisikia mtu anasema "sauti hii naijua," aliongeza sauti hapo hapo na kuuliza bei ya vitu asivyotaka kununua. Alikataa kupanda gari la mwanasiasa yeyote, hata mvua inyeshe, lakini samaki wa wasikilizaji alipokea bila aibu. Nikamuuliza siku moja tofauti yake nini. "Samaki ananuka," akanijibu. "Nikimbeba njia nzima kila mtu ajua n'mepewa." Nilicheka, kisha nikaona kwamba hakuwa anatania.

Sisi wa habari alitudharau, na hakuficha. "Nyie mwatumwa, mie naletewa," ndivyo alivyosema. Nami sina haki ya kumlaumu. Siku moja nilikwenda Nyamwage kwenye mkutano wa mgombea mmoja, nikarudi na bahasha waliyoiita nauli, nikatangaza kwamba maelfu ya wananchi walijitokeza. Mzee alinisikiliza pale barazani, akichokoa meno. Nilipotoka akaniuliza, kwa upole kabisa, "Hao maelfu, mwanangu, pale Nyamwage walikaa wapi?" Nilitaka ardhi ipasuke. Ile bahasha ilikuwa bado mfukoni mwangu, na nilikuwa nimeshaipigia hesabu ya viatu.

Na wasikilizaji walijua. Habari zetu walizisikia huku wakiendelea kupika, lakini saa ya shukrani vijiko vilitulia. Mtu anayeshukuru hajalipwa na yeyote, ndivyo walivyoona, na msomaji wake hakutuma wala hakutumwa. Ikifika mabishano kijiweni, kama kweli fulani alitoa au hakutoa, mtu aliuliza tu, "Ilisomwa?" Ikiwa ilisomwa, mabishano yakaisha.

Kwa hiyo misimu ya uchaguzi ilimchosha kuliko sote. Sheria inamtaka mgombea aandike kwenye fomu kila anachotoa na kila anachopewa, na wengi hawataki kuandika. Basi katika karatasi za shukrani akaanza kuonekana mtu mmoja: "mtu mwema ambaye hakupenda kutajwa jina." Katoa mchele msibani Ikwiriri, katoa mafuta ya boti delta, katoa sanda mbili wiki moja. Mzee alivua miwani akalitazama lile rundo. "Huyu asiyependa kutajwa," akasema, "msimu huu kafiwa kila siku." Kisha akachukua simu akaanza kuwapigia wafiwa, familia moja baada ya nyingine, kuwaambia kwamba dua ya shukrani haiwezi kuombewa mtu asiye na jina. Wengi walimtaja palepale. Hawakuona ubaya wowote. Lakini hakuna aliyerudi kuliandika jina kwenye karatasi, naye hakusoma kisichoandikwa.

Hapo sasa nafika kwenye jambo la mashine, ambalo nisipolieleza yote niliyosema ni porojo.

Mgombea huyo aliyekuwa akijificha alikuwa mfanyabiashara wa kamba, hawa wa baharini, anatafuta udiwani. Sitamtaja, na kata yake siitaji. Asubuhi moja alikuja mama mmoja kutoka kijiji cha visiwani, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mtu mzima, mtulivu, kanga mbili safi. Wote walimwita Mama Mwenyekiti. Alikuwa amesafiri jana yake kwa boti kisha bodaboda, akalala kwa ndugu mjini, ili tu alete karatasi kwa mkono wake. Akampa Mzee furushi la kamba wakavu na ile karatasi, akaenda kukaa kwenye benchi barazani ili aisikie ikisomwa kwenye kipaza sauti cha nje.

Ilibaki robo saa. Mzee alipitia karatasi zake kama kawaida, na mimi nilikuwa nyuma yake napanga habari. Akina mama wa kijiji kile walikuwa wanamshukuru mgombea, kwa jina lake kamili na la baba yake, kwa mashine ya boti aliyowapa ya kuwavushia wajawazito. Wawili walikuwa wameshafikishwa kituo cha afya wakajifungua salama. Kabla ya hapo walivushwa kwa makasia, na maji yakipwa, boti ilikwama kwenye matope na wao ndani.

Meneja wetu alikuwa na kawaida ya kusoma karatasi kabla hazijasomwa. Aliisoma hii, akaisoma tena.

"Mzee, jina hili tulitoe."

"Shukrani haikatwi."

"Mashine hii haimo kwenye fomu yake. Unanielewa? Hii si shukrani, haya ni mashtaka."

"Mie naona shukrani."

Meneja akafunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu saba wa kulipa mishahara na umeme unaokatika kila siku. "Zile betri zinazotuweka hewani umeme ukikatika," akasema taratibu, "unajua zimetoka kwa nani?"

"Sijui," Mzee akajibu. "Hazijasomwa."

Mimi nilikuwa sijui pia. Nilizitazama zile betri pale kwenye kona, mpya, bado zina nailoni. Mara ngapi nilikuwa nimesema kwenye kipaza sauti kwamba redio hii haina upande.

Mzee akaichukua karatasi, akatoka nje miguu mitupu. Nilimfuata. Nashukuru na najuta kwamba nilimfuata, kwa sababu nimekuwa shahidi wa maneno yale tangu siku hiyo.

"Dada yangu," akasema, akikaa kwenye benchi. "Huyu bwana aliwaambia msimtaje?"

"Alisema tunyamaze mpaka uchaguzi upite," Mama Mwenyekiti akajibu. "Sie tukajua ni unyenyekevu wake. Si wapo watu hawataki sifa? Tukasema, mtu mwema namna hii tukimnyamazia, tutaonekana watu gani?"

Nilitaka kucheka na nikataka kulia. Mgombea alificha zawadi kwa kuogopa sheria, wao wakadhani anamwogopa Mungu, na kwa sababu hiyo wakaona astahili kushukuriwa zaidi.

"Ikisomwa atakasirika," Mzee akamwambia.

"Akasirike kwa kushukuriwa?"

"Huenda akasema mashine irudi."

Uso wa yule mama ulibadilika. Akakunja ncha ya kanga. "Mkamwana wangu ana mimba ya miezi minane," akasema. "Basi, kaka, isisomwe. Nipe karatasi yangu niende."

Akanyoosha mkono. Mzee hakumpa.

"Nisikilize. Isiposomwa, mashine ni yake. Uchaguzi ukipita, ashinde ashindwe, akiitaka ataijia, na hakuna mtu duniani aliyesikia kwamba aliwapa. Mtamfanya nini? Lakini ikisomwa, delta nzima imesikia. Ni yenu. Nani atathubutu kuigusa?"

Ilibaki dakika mbili. "Wewe wasema hivyo?" Mama akauliza.

"Mie nasema hivyo."

"Basi soma."

Mzee akarudi ndani, akazima feni. Meneja alisimama kwenye kioo mikono kichwani. Mzee aliisoma karatasi ile kama alivyosoma zote, bila kupandisha sauti kwenye jina wala kuishusha kwenye mashine. Kabla hajafika mwisho simu ya ofisini ilikuwa inalia. Ikakatika, ikalia tena, ikaendelea kulia hadi saa nne, ndipo gari likaja. Walishuka vijana watatu. Mmoja alimwambia Mzee, mbele yetu sote, kwamba mtu wa umri wake aangalie anapopita. Mzee akamuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" na yule kijana akarudi garini. Lakini jioni hiyo Mzee aliniomba nimsindikize nyumbani.

Siku tatu baadaye watu wa mgombea walikwenda kijijini kuichukua mashine. Akina mama waliizunguka. "Imesomwa redioni," walisema, na wale watu wakarudi mikono mitupu. Habari hiyo ilipofika, tulipiga makofi studio nzima. Waandishi walikuja kutoka Dar es Salaam, wakampiga Mzee picha akiwa na karatasi mkononi, wakasema hivi ndivyo vyombo vya habari vinavyotakiwa kuwa. Alivaa kanzu yake ya Idi. Mgombea akaenguliwa, na nilijisikia, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, kwamba nafanya kazi ya maana.

Wiki hiyo hiyo maofisa walikwenda kijijini na barua. Mashine ilikuwa kielelezo. Kesi isingeweza kwenda bila hiyo. Walimpa Mama Mwenyekiti karatasi ya kupokelea, wakaifungua mashine kwenye boti, ikaletwa mjini ikafungiwa stoo. Hakuna aliyevunja sheria hata moja. Akina mama hawakuizunguka safari hii, kwa kuwa waliokuja walikuwa serikali.

Mkamwana alishikwa na uchungu asubuhi, maji yanakupwa. Walipiga kasia. Walikwama kwenye tope mpaka maji yalipojaa tena alasiri. Yeye alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

Tuliyapata haya kutoka kwa wachuuzi wa kamba, maana kutoka kijiji kile hakikuja kitu. Hakuna tangazo, hakuna shukrani. Kila asubuhi Mzee alizipitia karatasi zote akitazama zilikotoka, kisha akazipitia tena. Aliacha kwenda stendi. Aliacha samaki. Meneja alimwambia si kosa lako, mimi nilimwambia si kosa lako, na wote wawili alitutazama kama watu wanaoongea lugha nyingine. Jumatatu moja hakuja, na kiti chake nikapewa mimi.

Nilimwona tena mwaka huu, baada ya miaka mitano, kampeni nyingine zimeanza. Alikuwa kwa binti yake Nyamwage, barazani, ungo wa ufuta mapajani, akichambua vijiwe. Amekonda. Ile sauti imebaki kidogo, ya kuombea maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Bado wazima feni?"

"Nazima."

Akafurahi. Tukazungumza habari za redio, wagonjwa, bei ya ufuta. Nikamwambia yule mfanyabiashara amerudi kugombea, na kwenye kila mkutano anasema aliangushwa na redio ya uongo. Mzee akaweka ungo chini.

"Mie nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba wataichukua mashine."

Sikumwelewa. Akanieleza, macho yake barabarani kwenye malori. Uchaguzi wa nyuma yake, kabla sijaajiriwa, alisoma shukrani kutoka Mloka: mgombea wa huko alitoa mabati ya darasa. Maofisa wakayabeba kama kielelezo, na watoto wakanyeshewa msimu mzima. Alikuwa amelijua hilo siku ile barazani. Mama alinyoosha mkono, akaomba karatasi yake, naye akamweleza habari za mgombea na kuziacha za maofisa.

"Kwa nini?"

"Nilimtaka yule bwana," akasema. "Miezi mitatu namwona kwenye karatasi zangu hana jina. Nilimtaka asomwe. N'lijua nikimwambia mama yote, ataondoka na karatasi yake."

Nilimkasirikia. Nasema wazi, nilimkasirikia, kwa sababu miaka mitano nimekaa kwenye kiti chake nikijaribu kuwa yeye. Na alikuwa ameandika karatasi. Aliitoa chini ya mkeka, mwandiko wake ule wa kulala, mistari sita. Alikuwa anamwomba radhi Mama Mwenyekiti, mke wa mwanawe, na akina mama wa kijiji, kwa kuwaficha jambo alilolijua. Akanipa nikasome saa moja asubuhi.

"Nitampelekea mkononi," nikamwambia. "Naweza kwenda mwenyewe kesho."

"Nilimwambia redio itamlinda. Nami nimwambie redioni."

"Baba, huyu mtu anagombea. Nikiisoma hii atapita kila kijiji akisema, mmesikia wenyewe. Nani atatuamini tena?"

"Atasema kweli," Mzee akajibu. "Yule mama aliniamini mie kuliko alivyomwamini yeye. Sasa mie na yeye tofauti yetu ni ipi?"

Nilipanda basi na karatasi kwenye mkoba, na njia nzima nilitumaini ipotee. Asubuhi yake meneja aliisoma, akanitazama, akaniambia ingoje uchaguzi upite. Nilijua kwamba ana hoja. Nilijua pia wapi nimewahi kuyasikia maneno hayo, na nani aliyeambiwa. Nikaingia, nikavua viatu, nikaisoma yote, jina la Mzee, Mloka, mabati, na benchi ya barazani.

Simu ya kwanza haikutoka kwa mgombea. Ilitoka visiwani, mtandao unakatika, na nyuma nilisikia kuku.

"Ni wewe uliyesoma?"

Niliijua sauti. "Ni mie, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Nikamsikia akifukuza kuku. "Mwambie nimesikia."

"Na hiyo radhi, mama? Nimwambieje?"

"Mjukuu wangu angekuwa chekechea sasa hivi," akasema. "Mwambie na hilo."

Akakata. Niliyaandika yote mawili kwenye karatasi kama alivyoyasema, nikaenda stendi kungoja basi la Nyamwage.